Mgeni, Jembe na Foleni ya Zahanati

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike makala ya kueleza suala la wakimbizi na huduma za umma, kwa kuwa ndiyo mada iliyotutoa jasho katika mdahalo wa chama muhula wa pili. Nilikubali haraka haraka nikifikiri ni kazi ya jioni moja. Kumbe! Imenichukua wiki tano, safari nyingi za maktaba, na maswali chungu nzima kwa walimu wa Historia na Jiografia, ambao nadhani siku hizi wakiniona kwa mbali hubadilisha njia.

Lakini kabla ya mdahalo kulikuwa na foleni, na ni vyema nianzie hapo.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Mama alikuwa kazini, kwa hivyo akaniachia kazi ya kumpeleka ndugu yangu mdogo kwenye zahanati ya mtaani, maana alikuwa na kifua na usiku kucha alikohoa hatukulala. Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mbele yetu kulikuwa na watu arobaini na kitu. Tukangoja, jua likatoka, likapanda, likatuchoma. Saa tano hivi sista akatoka akatangaza kwamba dawa ya maji ya watoto imekwisha. Atakayetaka aandikiwe karatasi akanunue kwa duka la dawa.

Hapo mama mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Itakosaje kuisha? Kwani hamwoni foleni yote ni wageni? Wanakuja kutumalizia dawa, halafu sisi wenye nchi ati tukanunue!" Watu wakaguna kwa kukubali. Nami nitasema kweli, niliguna. Nilikuwa na njaa, mtoto ananililia begani, na nilitaka kuwe na mtu wa kulaumiwa.

Mbele yangu alisimama mama wa Kikongo aliyevaa kitenge, mtoto mgongoni. Hakugeuka. Alipotoka kwenye mstari ndipo nilipomwona uso. Alikuwa mama wa rafiki yangu tunayeketi naye dawati moja tangu Kidato cha Kwanza. Naye akanitambua. "Jambo mwanangu," akaniambia, akaenda zake bila dawa, sawa na mimi.

Shule zilipofunguliwa rafiki yangu hakusema neno. Mimi pia sikusema. Kisha ukaja mdahalo, na hoja ikawa: "Wakimbizi ni mzigo kwa huduma za umma nchini Kenya." Nikapangwa upande wa kuunga mkono. Rafiki yangu hakupangwa upande wowote, alikuwa mtunza saa. Nikasimama, "Mheshimiwa mwenyekiti, waamuzi wenye hekima," nikanena kwa madaha juu ya hospitali kujaa na madarasa kufurika, na yeye ameshika kengele ananitazama tu. Dakika zangu zilipokwisha aliigonga mara moja, polepole. Tulishinda kwa kura 31 dhidi ya 22. Sikufurahi vile nilivyotarajia.

Jambo lililonikaa kichwani ni methali. Wapinzani wetu walifungua kwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sisi tukawajibu kwa "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," na ukumbi ukashangilia kana kwamba methali hizo zimepigana na yetu imeshinda. Baadaye nikakaa nikazitafakari, nikaona hazipigani hata kidogo. Methali yetu haikusema siku ya tatu mgeni afukuzwe. Ilisema apewe jembe. Na wa kumpa jembe ni nani, kama si mwenyeji? Basi swali la makala haya ndilo hilo: wageni wetu tuliwapa jembe, au tuliwanyima kisha tukaanza kuhesabu matonge yao?

Kwanza tusichanganye mambo. Mhamiaji ni mtu anayehamia nchi nyingine kwa kazi, masomo, biashara au ndoa. Huja kwa pasipoti yake na akipenda hurudi kwao. Mkimbizi hakupenda. Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1966, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kweli ya kuteswa kwa ajili ya rangi au kabila lake, dini, uraia, kundi la kijamii alimo au siasa. Mkataba wa OAU wa 1969 ukaongeza wale wanaokimbia vita na machafuko, na hao ndio wengi hapa kwetu. Nchi iliyotia sahihi hairuhusiwi kumrudisha mtu mahali ambapo uhai wake uko hatarini. Halafu kuna mwomba hifadhi, yaani yule ambaye ameomba kutambuliwa kuwa mkimbizi na bado anangoja jibu. Kwenye foleni hakuna anayeuliza tofauti hizi. Wote huitwa "wageni", hata Mkenya halisi wa Wajir au Mandera mwenye kitambulisho mfukoni.

Je, ni wangapi? Mwishoni mwa 2024 Kenya ilikuwa na wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Idadi hiyo inatisha ukiisikia peke yake, na katika mdahalo niliisema peke yake kwa makusudi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini. Piga hesabu mwenyewe: ni chini ya watu wawili katika kila mia. Hata hivyo upande wangu nao ulikuwa na haki kidogo, kwa sababu wakimbizi hawakunyunyizwa sawasawa nchi nzima kama mbegu. Zaidi ya 400,000 wako Dadaab, kaunti ya Garissa. Karibu 300,000 wako Kakuma na Kalobeyei, kaunti ya Turkana. Kama 100,000 wako mijini, wengi wao Nairobi. Kwa mtu wa Nyeri au Kisii mkimbizi ni habari ya redio. Kwa mtu wa Kakuma ni jirani, na majirani hao ni wengi kweli kweli kwa kaunti ambayo sensa ile ile iliihesabia watu 926,976.

Mambo hayakuwa hivi zamani. Kabla ya 1991 wakimbizi waliokuwa Kenya walikuwa maelfu machache tu, na sehemu kubwa walikuwa Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin na vurugu zilizofuata. Hao hawakuwekwa kambini. Walikaa mijini na vijijini, wakafanya kazi, na wengi waliokuwa na elimu wakawa walimu katika shule zetu za sekondari. Mwalimu wetu wa Historia alituambia kwamba Hisabati yeye alifundishwa na Mganda aliyekuja na sanduku moja na cheti. Angalia sasa: shule haina mwalimu, mgeni anakuja ni mwalimu, anapewa chaki. Hapo mgeni amepewa jembe na mwenyeji amepona. Methali mbili kwa mpigo mmoja.

Mwaka 1991 mlango ulisukumwa kwa nguvu. Januari serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia. Mei ikaanguka ile ya Mengistu, Ethiopia. Vita vya Sudan vilikuwa vinaendelea. Kwa muda mfupi watu zaidi ya laki nne wakawa wamevuka mipaka yetu, na serikali pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, wakafungua kambi: Ifo, Hagadera na Dagahaley huko Dadaab, Kakuma mwaka 1992, na nyingine za Pwani kama Utange karibu na Mombasa. (Wanachama wa Kiswahili watapenda kujua kwamba miongoni mwa waliofika Pwani walikuwemo Wabarawa, ambao lugha yao, Chimwiini, ni ndugu ya Kiswahili chetu. Mgeni mwingine huja akisema lugha yako kuliko unavyoisema wewe.) Kambi za Pwani zilifungwa miaka ya tisini, zikabaki zile za kaskazini.

Tangu hapo ikawa desturi, na baadaye sheria, kwamba mkimbizi akae kambini. Kutoka ni kwa ruhusa ya maandishi. Kibali cha kazi kikawa kama meno ya kuku. Chakula kikaletwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Kwa ufupi, mgeni aliambiwa akae, asilime, na ale atakachopewa. Siku ya tatu ikapita, mwaka wa tatu ukapita, na sasa miaka zaidi ya thelathini imepita. Kuna watu waliozaliwa Ifo ambao nao wana watoto waliozaliwa Ifo.

Sasa twende Kakuma, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kwamba malalamiko ya mwenyeji yanaweza kuwa ya haki hata kama anayelaumiwa si mwenye kosa. Mimi mwenyewe sijafika. Mjomba wangu ni dereva wa lori na hupakia mizigo Kitale akapeleka Lodwar hadi Kakuma. Yeye ndiye aliyenieleza sura ya mahali pale: jua, vumbi, mto wa msimu uitwao Tarach ambao siku nyingi ni mchanga mtupu, na mwanamke wa Kiturkana anayetembea na mzigo wa kuni kichwani kwenda kuwauzia wakimbizi.

Mwaka 1992 walifika hapo maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu mwendo ambao mimi siwezi kuufikiria. Wakafuatwa na Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo. Kwa kuwa ni kambi ya Umoja wa Mataifa, vikaja visima vyenye mifereji, shule na hospitali. Mturkana, ambaye ng'ombe na mbuzi wake walikuwa wanakufa kwa ukame, alisimama ng'ambo akatazama. Mkimbizi ana kadi ya chakula, yeye hana. Mkimbizi ana bomba, yeye anachimba mchanga wa mto. Akauliza: "Ardhi ni yangu. Mbona mimi ndiye ninayemwomba mgeni maji?"

Tafadhali msomaji, liangalie lalamiko hili vizuri, kwa sababu ni kinyume kabisa cha lile la zahanati yetu. Mtu wa Nairobi anasema mgeni amemaliza huduma zake. Mturkana alisema huduma zimekuja kwa sababu ya mgeni, zikampita yeye. Kabla ya hapo serikali, tangu ile ya mkoloni, ilikuwa imeisahau Turkana kwa miaka mingi. Wakimbizi ndio waliolifanya hilo lionekane, kama taa inayowashwa katika chumba kichafu. Uchafu ulikuwepo.

Polepole mambo yakabadilika kidogo. Wenyeji wakaruhusiwa kutibiwa katika hospitali za kambi, na watoto wao kusoma katika shule za kambi, ambazo hufuata mtaala wa Kenya na kufanya mitihani ile ile tunayofanya sisi. Si kwamba ni shule za raha. Madarasa ya msingi yenye watoto zaidi ya mia moja ni jambo la kawaida kule. Mwaka 2016 ukafunguliwa mtaa mpya wa Kalobeyei, uliopangwa tangu mwanzo kwamba mkimbizi na mwenyeji watumie huduma pamoja.

Na pesa nazo zikabadilika sura. Kuanzia 2015 badala ya kugawa nafaka peke yake WFP ilianza kutuma sehemu ya posho kwa njia ya simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula, jina la mtaani kabisa. Mkimbizi akawa ananunua unga na maharagwe kwa wafanyabiashara waliosajiliwa, wakimbizi na Waturkana. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilitoa utafiti uliosema kuwepo kwa wakimbizi kumeongeza pato la jumla la Turkana kwa asilimia 3.4. Mwaka 2018 shirika la IFC likakadiria kwamba soko la Kakuma lina thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka, na biashara zaidi ya 2,000. Mjomba wangu hakuhitaji kusoma ripoti hizo. "Wewe unafikiri mimi hupeleka mizigo kwa nani?" alinijibu.

Ila tusipake rangi mambo. Pato kupanda hakumaanishi kila mtu amepanda nalo. Mwenye duka na lori amefaidika. Mfugaji wa mbali ambaye hana cha kuuza ila mbuzi amefaidika kidogo, na yule aliyepoteza malisho na miti hakuulizwa. Wafanyakazi wenye mishahara minono katika mashirika wengi hutoka "chini", yaani Nairobi na kwingineko, na wenyeji wameandamana si mara moja wakidai kazi hizo.

Dadaab nayo ni hoja nzito ya wale wanaosema mzigo ni mzigo. Kambi zile tatu za mwanzo zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipoikumba Somalia, zilikaribia kubeba nusu milioni. Miti ikaisha kwa kuni, visima vikazidiwa. Likaja na suala la usalama, hasa baada ya mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, ambapo watu 148 waliuawa. Mei 2016 serikali ikatangaza kuifunga Dadaab. Februari 2017 Mahakama Kuu ikakataa, ikisema uamuzi ule unavunja Katiba na unawabagua Wasomali. Mwaka 2021 serikali ikatangaza tena kwamba kambi zote zitafungwa kufikia mwisho wa Juni 2022. Tarehe hiyo ilipita na kambi zipo. Wanaopenda zifungwe si watu wabaya wote. Wengine walizika ndugu. Lakini hakuna aliyenionyesha jinsi kumfungia mtu kambini bila kazi kunavyoleta usalama, na nimeuliza.

Sasa turudi Nairobi, kwenye foleni yetu.

Baada ya mdahalo nilifanya jambo ambalo ningelifanya kabla yake: nilihesabu. Darasa letu lina wanafunzi 68 ilhali kiwango kinachopaswa ni 45. Katika hao 68, wakimbizi ni 3. Watoe, tunabaki 65, na bado wawili wetu tutaketi juu ya dirisha. Basi hawa ishirini wa ziada walitoka wapi? Walitoka nyumbani kwetu. Mwaka 2003 serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi, idadi ya wanafunzi iliruka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Tangu 2018 ikawa kila anayemaliza msingi aingie sekondari. Ni mambo mazuri, mimi mwenyewe ni mtoto wa sera hiyo. Lakini madawati na walimu hawakuruka kwa kasi ile ile.

Zahanati ni vivyo hivyo. Juni 2013 ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma ziliondolewa, na waliokuwa wakikaa nyumbani na homa zao kwa kukosa shilingi ishirini wakatoka. Nilirudi kwa yule sista nikamwuliza kwa adabu kama kweli wageni ndio waliomaliza dawa. Alicheka, akanionyesha daftari. Wagonjwa walikuwa 112 siku ile, na kwa majina aliyoweza kuyatambua wageni hawakufika 15. "Kijana," akasema, "dawa ya robo mwaka haijaletwa. Hata mngekuja Wakenya watupu ingeisha Jumatano badala ya Jumanne." Hiyo ndiyo tofauti, siku moja. Siku moja si bure, na kwa mtoto anayekohoa ni ndefu, kwa hivyo sisemi wageni hawaongezi chochote. Huongeza. Katika mitaa wanakokaa kwa wingi huongeza zaidi, na kodi ya nyumba nayo hupanda kwa sababu wanaozitaka ni wengi.

Lakini kuna jambo lililofichika zaidi, nalo ni hili: pesa hufuata vichwa, ila si vichwa vyote. Shule ya kutwa kama yetu hupangiwa fedha kwa kila mwanafunzi. Kiwango kilichowekwa mwaka 2018 kilikuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, ingawa mara nyingi hazifiki kamili wala kwa wakati. Mwanafunzi huhesabiwa akisajiliwa katika mtambo wa Wizara. Mfumo wa NEMIS, ulioanza 2017, ulitaka nambari ya cheti cha kuzaliwa. Watoto wengi wa wakimbizi hawakuwa nacho, na Wakenya wengi maskini pia hawakuwa nacho. Mtoto kama huyo yuko darasani, anakalia dawati, anatumia chaki, lakini kwenye hesabu hayupo. Kwa hivyo mwalimu mkuu akiona mgeni amebisha mlango huona kichwa kisicho na pesa. Hapo mzigo umetengenezwa kwa kalamu. Mgeni hakuja nao.

Na hao wa mijini hawali bure, kama nilivyodai kwenye mdahalo (naomba radhi kwa waliopiga kura kwa sababu hiyo). Chakula cha msaada kiko kambini. Nairobi mkimbizi hulipa kodi ya nyumba, huchukua matatu, hununua sabuni ambayo ndani yake mna VAT ya asilimia 16 sawa na yangu. Mama wa rafiki yangu hushona nguo kwa cherehani ya kukodi. Angekuwa na kibali cha biashara angelipia leseni kwa kaunti kila mwaka. Hana, kwa hivyo halipi, na badala yake hukimbia na vitambaa kila askari wa jiji wanapotokea. Tumemnyima jembe, na kaunti imejinyima ada yake kwa mkono wake yenyewe.

Nilisema wageni ni wao. Je, mgeni akiwa sisi? Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wetu kufanya kazi katika hospitali za huko. Uingereza nako kuna ugomvi huu huu, na ulichangia kura ya mwaka 2016 ya kutoka Umoja wa Ulaya: watu husema foleni za hospitali zimerefushwa na wahamiaji. Halafu ukiingia wodini, anayempima mgonjwa presha huenda ni dada wa Kakamega. Wenzetu walitafuta namna ya pesa kufuata vichwa: mgeni mwenye viza ya muda mrefu hulipa ada ya matibabu kabla ya kuingia, na tangu Februari 2024 kiasi cha kawaida ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Wauguzi na wahudumu wa afya wamesamehewa. Wengine wanaona ni haki, wengine wanasema ni kulipa mara mbili kwa sababu mgeni yule hukatwa kodi pia. Hata huko hawajamaliza kubishana, na wana pesa kutuliko.

Jirani yetu Uganda imejaribu njia nyingine. Inahifadhi wakimbizi zaidi ya mara mbili ya wetu, na sheria yake ya 2006 huwaruhusu kufanya kazi na kutembea, wengi wakipewa kipande cha shamba. Ni jembe halisi, la mpini. Shule na zahanati hutumiwa pamoja. Nayo si peponi: mashamba yamekuwa madogo kadiri watu wanavyoongezeka, na msaada ukipungua shule za vijijini ndizo zinazolemewa.

Kwetu pia upepo umeanza kugeuka. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi au biashara ikiwa ana ujuzi unaokubalika, na inamruhusu anayetoka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuchagua kukaa kama raia wa Jumuiya badala ya mkimbizi. Kumbuka kwamba Sudan Kusini, Kongo na Somalia zote sasa ni wanachama. Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi kuwa miji ya kawaida ambapo mwenyeji na mgeni watahudumiwa pamoja na serikali zetu. Viongozi wengine wa Turkana na Garissa wameupokea kwa mashaka. Wanauliza ardhi itakuwa ya nani, na wafadhili wakiondoka nani atalipa walimu na madaktari. Mimi naona swali lao ni la haki kabisa. Mwaka uo huo wa 2025 misaada ilikatwa, posho ya chakula Kakuma ikashuka chini ya theluthi moja ya kiwango kinachopaswa, na watu wakaandamana kwa njaa. Kumpa mtu jembe siku ile ile unayomnyang'anya sahani, na shamba bado hujamwonyesha, ni jambo la kuangaliwa.

Kama mdahalo ungerudiwa kesho ningeomba nibadilishiwe upande, lakini nisingekubali kusema kwamba foleni si ndefu. Ni ndefu. Ningeuliza tu kwa nini yule mama aliyepaza sauti hakuwahi, hata mara moja, kumwuliza diwani wetu, yaani MCA, sanduku la dawa limekwama wapi. Wala mimi sikumwuliza. Ni rahisi kumlaumu aliye mbele yako kwenye mstari kwa sababu unamwona kisogo.

Kabla ya kuyapeleka makala haya kwa mhariri nilimpa rafiki yangu ayasome, kwa kuwa ni habari ya mama yake. Alisoma kimya, akanisahihishia ngeli mahali pawili (yeye ambaye nyumbani husema "batoto" na "aksanti"!), kisha akasema lazima nimwombe mama mwenyewe ruhusa. Jumamosi tukaenda kwao. Nilimwambia yote, pamoja na kule kuguna kwangu. Alisema aliisikia. Akaendelea kukanyaga cherehani hadi mwisho wa mshono, akauliza ndugu yangu mdogo yu hali gani, nikamwambia alipona. Wa kwake pia alipona, baada ya wiki mbili.

Ruhusa akanipa kwa sharti moja tu, kwamba niandike wazi kuwa siku ile yeye pia hakupata dawa. Basi nimeandika.